Vipimajoto vitatu, majibu matatu: niamini kipi kwenye tangi la maji chumvi?

BintiKigamboni:
Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la lita 200 la maji chumvi, liko sebuleni. Ndani kuna nemo wawili, kamba wa kusafisha samaki, konokono, na matumbawe laini machache niliyonunua kwa jamaa anayeyazalisha mwenyewe. Tatizo langu ni joto, au tuseme hata sijui kama nina tatizo.

Stika iliyobandikwa kwenye kioo inasema 29. Kile cheusi cha kidijitali chenye waya kinasema 27.6. Cha kioo chenye uzi mwekundu kinasema 26. Tangi ni lile lile, saa ni ile ile. Hita nimeizima tangu kaskazi lianze, natumia feni tu. Kuna aliyenishauri niagize kipimajoto cha bei mbaya kutoka nje. Je, ninunue, au kati ya hivi kuna cha kuaminika?

Nyali_Maji:
Dada, tupa vyote vitatu. Nunua kontrola, kile kifaa kinachowasha na kuzima hita chenyewe, yenye sensa mbili na waifai, inakutumia ujumbe kwa simu joto likipanda. Mimi hata nikiwa Nairobi najua tangi langu la Nyali likoje. Rahisi ni ghali.

FundiBaridi_Tanga:
Habari ya Kigamboni. Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Tanga, samaki wa maji chumvi nafuga kwa starehe. Kazi yangu ya kila siku ni kubishana na vipimajoto, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Dada, usinunue kitu bado, na usitupe kitu isipokuwa stika. Kwanza ujue hivyo ulivyonavyo vinakosea kiasi gani. Kipimajoto kinachozidisha nyuzi moja leo, kesho na mwezi ujao, hicho ni kizuri kabisa, unatoa moja kichwani yameisha. Kibaya ni kinachozidisha moja leo, wiki ijayo kikapunguza mbili. Na bei haikwambii kipi ni kipi.

Stika bandua. Inapima kioo, na kioo hicho upande mmoja kina maji, upande wa pili kina sebule yako. Sebule ikiwa na nyuzi 32 mchana wa Februari, stika itapanda tu hata maji yakiwa salama.

Hicho cheusi ni cha friji. Ndicho ninachofunga kwenye friji za soda madukani. Kwa kawaida kimekadiriwa kupotoka hadi nyuzi moja juu au chini, kwa hiyo kwenye 27.6 yako ile .6 ni mapambo. Ndani ya ncha yake kuna thamista, kipunje ambacho ukinzani wake wa umeme hushuka joto likipanda. Kipunje chenyewe hakina ugomvi na mtu, adui ni chumvi. Kofia ya chuma ya ile ncha imetengenezwa kukaa kwenye baridi kavu ya friji. Ikikaa kwenye maji ya bahari inaota kutu, maji yanapenya, namba zinaanza kuhama taratibu bila wewe kujua. Halafu nyaya za ndani ni shaba, na shaba ikiyeyukia kwenye maji, kamba na konokono ndio wa kwanza kufa, samaki wanabaki wanakuangalia. Chomoa uitazame leo leo. Ukiona ukijani au kutu, hiyo sensa haifai tena.

Cha kioo, ndani yake ni spiriti iliyotiwa rangi. (Mwenye chenye uzi wa fedha unaong'aa, hiyo ni zebaki. Kisiingie kwenye tangi hata siku moja.) Kikague mambo mawili. Je, uzi umekatika katikati ukaacha kipande juu? Kama umekatika, kiweke kwenye friji wima, spiriti irudi chini iungane. La pili ndilo linalowapata wengi: zile namba mara nyingi zimechapwa kwenye karatasi iliyochomekwa tu ndani ya bomba la kioo. Karatasi ikiteleza kidogo, kipimajoto kizima kinadanganya kwa kiasi kile kile muda wote. Nahisi ndiyo hadithi ya hicho chako.

Sasa vipime. Cha kwanza ni barafu. Tumia ya maji ya kunywa yasiyo na chumvi. Ya maji ya bahari haifai, yale huganda chini ya sifuri, karibu hasi 2. Ponda barafu ijaze glasi, mimina maji kidogo yajaze nafasi, koroga, subiri dakika chache. Hapo ni sifuri. Andika kila kimoja kinasema nini.

Cha pili ndicho ninachokipenda zaidi: kipimajoto cha homa. Kile cha kidijitali cha duka la dawa, kikiwa kizima, hakipotoki zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za nyuzi. Kukitumia kwenye tangi huwezi, maana chini ya 32 hivi kinakuandikia Lo tu, yaani joto liko chini mno. Lakini maji unaweza kuyapeleka kwake. Changanya maji ya moto na ya bomba kwenye chupa ya chai hadi yafike 37 au 38, tumbukiza vyote, koroga. Ujanja ni mmoja: cha homa hushikilia joto la juu kabisa kilichokutana nalo, kwa hiyo kisome mara kinapolia na usome vingine papo hapo. Ukikiacha humo maji yakipoa, kitakung'ang'ania namba ya zamani.

Tangi lako liko katikati ya sifuri na 37. Kama kipimajoto kinakosea karibu sawa huku na huku, basi na katikati ni hivyo hivyo. Andika kosa lake kwenye kipande cha plasta ubandike pembeni ya tangi.

Nyali, sikupingi, kengele ni kitu kizuri. Ila umeme ukikatika waifai nayo imekwenda, na hapo ndipo unapohitaji kujua joto. Cha betri kiwepo. Tena kontrola kuwasha hita kwa kutegemea sensa moja ni hatari. Kile kifyonzi cha mpira kinachoshikilia sensa kikiachia kioo, sensa ikaning'inia nje usiku wa baridi, kontrola inadhani maji yamepoa na hita inapika supu.

Chogo_Mbagala:
Swali la kizembe kidogo. Nina ile bunduki ya kupima paji la uso tangu enzi za corona. Siwezi kuielekeza kwenye tangi tu?

FundiBaridi_Tanga:
Mkuu, ile imepangwa kwa ajili ya binadamu, namba inazotoa zimerekebishwa zilingane na joto la mwili. Hata bunduki halisi ya viwandani, ukiielekeza kwenye kioo inasoma kioo, miale ile haipiti. Ukiielekeza juu ya maji inasoma utando wa juu kabisa, ambao feni na mvuke vimeshaupoza. Wapimie wageni getini.

Meru_Samaki:
Mnaongea ya pwani. Huku Arusha Julai usiku shida yetu ni kinyume, hita inafanya kazi kuanzia magharibi. Nimeona hita yenye alama ya 26 ikilipeleka tangi 28. Zile namba za kwenye kitufe cha hita msizichukulie kama kipimo. Pia sensa nimeihamishia kwenye kisanduku cha chini chenye pampu, mbali na hita, ikikaa sentimita chache tu kutoka kwenye hita inadanganya. Fundi, cha friji unakikingaje na chumvi?

FundiBaridi_Tanga:
Navalisha ncha yote ile mipira inayosinyaa ikipashwa joto, yenye gundi ndani, tunayofungia nyaya, mdomo wa mbele nauziba kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu. Ile yenye dawa ya ukungu inaua samaki. Kinachelewa kidogo kusoma, lakini tangi la lita 200 halibadiliki kwa dakika moja. Anayenunua kipya atafute sensa iliyofunikwa plastiki yote, au ya titani. Akipata chenye kukumbuka joto la juu na la chini, achukue hicho hata kama hakina kingine cha ziada. Kinachokupa picha ni tofauti ya saa tisa mchana na alfajiri. Namba uliyoona ulipopita na kikombe cha chai haitoshi.

Kuna anayeweza kusema nyuzi moja ni kitu gani. Bahari yetu mwezi Machi inakaribia 29 na matumbawe yanavumilia, ila hayana nafasi kubwa juu ya hapo. Mwaka 1998 joto lilizidi kidogo tu kwa wiki kadhaa, miamba ikapauka Kenya, Mafia, hadi Msumbiji. Kwenye tangi kuna ziada: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na kile kipimo cha chumvi chenye mshale kimetengenezwa kusoma sawa kwenye nyuzi 25 hivi. Joto usilolijua linakuharibia na chumvi.

BintiKigamboni:
Nimerudi na majibu. Barafu: cheusi 0.6, cha kioo uzi umeshuka chini ya alama ya sifuri kabisa. Chupa ya chai, cha homa kilisema 37.2: cheusi 37.9, cha kioo 36. Karatasi imeteleza kweli, ukiitingisha unaiona inacheza. Ncha ya cheusi ina alama ndogo ya kutu kwenye mshono.

Kwa hesabu yangu tangi liko kama 27. Nipo salama? Na feni niiache usiku kucha?

FundiBaridi_Tanga:
Hesabu iko sawa. Cheusi toa 0.7 unapata 26.9, cha kioo ongeza 1.2 unapata 27.2. Viwili vya aina tofauti vikikubaliana hivyo, amini. 27 ni pazuri.

Cheusi kibadilishe wiki hii kwa ajili ya hiyo kutu, kipya ukipime hivyo hivyo kabla hakijaingia majini. Cha kioo tia tone la gundi juu karatasi isicheze, kama kifuniko kinafunguka. Kisipofunguka, kiache na plasta yake ya +1.2, ila ukichunguze mara kwa mara.

Feni zima joto likifika 26, washa likipita 27 na nusu. Maji yanayopungua kwa mvuke jazia yasiyo na chumvi yaliyochujwa, usijazie ya chumvi. Chumvi haivukizi, imebaki yote humo ndani.

Nyali_Maji:
Nimepima sensa zangu mbili kwa barafu jioni hii. Moja 0.2, nyingine 1.9. Hiyo ya 1.9 ndiyo inaendesha hita.