Presha au brashi? Ukuta wangu Kiamunyi umegeuka kijani

MamaKiamunyi
Wadau, hamjambo. Naomba mnishauri kabla sijatoa pesa.

Nina nyumba huku Kiamunyi, Nakuru, mwaka wa saba sasa. Mbele ni plasta yenye rangi ya krimu, nyuma tuliacha mawe wazi tukajaza saruji kwenye maungio tu. Paa ni mabati ya maruni. Tangu masika iishe, upande wa miti ya mukima umeshika kijani, na chini ya dirisha la bafu ni weusi tititi. Kabro, yale matofali ya njia ya kutoka getini, nayo inateleza. Juzi mama mkwe alikuja, akateleza akaketi chini na mfuko wake wa viazi mkononi. Hakuumia, ila ukoo mzima umeshaambiwa kwangu hakufagiwi.

Kijana anayeosha magari hapa stejini anasema atakuja na mashine ya presha inayorusha maji kwa nguvu, aoshe ukuta, paa na kabro kwa siku moja, elfu kumi na tano. Fundi mwingine anataka siku nne za dawa na brashi, elfu kumi na mbili, vifaa juu yangu. Mzee wangu yuko Mombasa kikazi, yeye anasema presha, mambo yaishe. Mimi moyo unasita. Mngekuwa nyinyi?

Kijana_58
Presha bila kufikiri. Kabro yangu ilioshwa kwa saa mbili ikawa kama imetoka kiwandani jana. Brashi waachie shosho.

FundiRangi_NKU
Dada, kwa kabro huyo kijana hajakosea sana. Kwa ukuta, ngoja kwanza.

Mimi ni mpaka rangi, na nusu ya kazi zangu hunijia baada ya presha kupita. Maji ya bomba lako yana baa tatu, nne hivi. Mashine hiyo inatoa mia moja na zaidi. Ukiielekeza kwenye plasta yenye ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia nyuma ya rangi, na wiki mbili baadaye unaona malengelenge. Kwa mawe ni mbaya zaidi. Mawe yetu mengi ya huku ni majivu ya volkano yaliyogandamana, ni laini, unaweza kuyakwangua kwa msumari. Nishaitwa nyumba moja nikakuta mstari wa mchanga umelala chini ya ukuta, mama akidhani ni uchafu uliotoka. Nikauokota nikamwekea kiganjani. Ilikuwa saruji ya maungio yake.

Halafu kitu ambacho watu hawaambiwi: hicho kijani kina uhai. Ni mwani na kuvu. Presha inaondoa cha juu, masalia yanabaki ndani ya vitundu vya plasta, mvua ya kwanza kinarudi. Dawa ndiyo inayokiua.

Jaribu hivi leo. Pitisha kiganja kwenye rangi iliyo kavu. Kikitoka na unga mweupe, rangi hiyo imechoka, na presha itaimenya vipande vipande.

MamaKiamunyi
Nimepitisha. Mkono umetoka kama nimekanda chapati. Basi dawa gani?

FundiRangi_NKU
Jik ya kawaida, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile isiyo na manukato. Kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya maji, sabuni ya maji kidogo ili ishike ukutani. Nyunyiza na pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia mahindi, lakini iwe ambayo haijawahi kubeba dawa ya magugu na haitabeba tena. Anza chini ukipanda juu, kwa sababu dawa ikitiririka kwenye ukuta mkavu inaacha michirizi ambayo haitoki. Dakika kumi hadi kumi na tano, isikauke, sugua na brashi laini pale penye weusi, kisha suuza kwa mpira ukianzia juu. Fanya asubuhi, au siku ya mawingu. Maua yaliyo chini ya ukuta yamwagilie maji mengi kabla na baada, la sivyo yatababuka. Miwani, glavu, nguo za kuzeeka.

Tabitha_K
Kuongezea: mimi huchanganya Jik na ile dawa ya kuoshea choo, inang'oa kila kitu.

FundiRangi_NKU
Tabitha, tafadhali, usirudie. Dawa nyingi za choo ni asidi. Asidi ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini, na hiyo gesi ilitumika vitani kuua watu. Nje una bahati ya upepo. Ndani ya bafu lililofungwa ungekuwa umeokotwa.

Tabitha_K
Woi. Ndio maana nilikuwa nakohoa nikadhani ni vumbi.

NyarKisumo
Huku kwetu Kisumu shida ni wale wadudu wa ziwani. Wanakuja kama moshi jioni, wanafuata taa, asubuhi ukuta wote chini ya balbu una madoa ya kijani na kahawia. Nilikuwa nakodisha presha kila mwezi. Siku hizi nafagia wakiwa wakavu, ufagio mlaini, halafu sabuni ya kufulia na maji ya vuguvugu. Wakishalowa wanageuka uji, usithubutu. Na taa za nje nimezisogeza kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya fensi. Wafie huko.

MzeeWaLanet
Mwanangu MamaKiamunyi, hakuna aliyekuuliza swali muhimu. Maji ya paa lako yanaenda wapi?

MamaKiamunyi
Shikamoo mzee. Yanaingia kwenye tangi la lita elfu tano. Ndiyo tunayokunywa, ya kisima tunafulia tu.

MzeeWaLanet
Marahaba. Basi hapo ndipo pa kukaa ufikiri. Wengi wetu Nakuru tunakunywa maji ya mvua kwa sababu visima vingi vya huku vina floraidi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani. Tazama meno ya rika langu utaelewa. Sasa mtu apande juu na dawa, au na presha, uchafu wa miaka saba pamoja na kinyesi cha ndege vishuke moja kwa moja kwenye maji ya wajukuu?

Kabla mtu hajagusa paa, chomoa lile bomba linaloshusha maji tangini. Baada ya kuosha, acha mvua mbili nzuri zipite zikimwagika nje, ndipo urudishe. Na kwenye mabati usiweke Jik. Mahali rangi ilipokwaruzwa inakula chuma. Maji, sabuni ya kawaida, brashi ya mpini mrefu. Mwenye kusuuza asimame juu amwage kufuata mteremko. Akipiga maji kutoka chini kwenda juu yanapenya kwenye mapishano ya mabati, na silingi (dari) yako itakuambia usiku.

Omundu_wa_Kakamega
Mzee amenena. Mimi nyumbani Kakamega mvua ni karibu kila alasiri, na udongo wetu mwekundu unaruka hadi usawa wa goti. Niliuloweka ule wekundu na Jik mara tatu, ukanicheka. Baadaye nikaelewa: ule wekundu ni kutu ya chuma iliyo kwenye udongo, haina uhai wa kuuawa. Sabuni na brashi ndiyo ilisaidia, tena ukiuwahi. Mwishowe nikamwaga kokoto upana wa futi mbili kuzunguka nyumba, matone yakaacha kurusha tope. Sijaosha ukuta tangu hapo.

Jirani_mpole
Samahani kuingilia. Sisi tunapanga kwenye nyumba za zamani, paa ni asbesto, limejaa ukoga. Na sisi tusugue?

FundiRangi_NKU
Hapana! Wala presha, wala brashi, wala usipande. Nyuzi zake zikipeperuka zinaingia kwenye mapafu na hazitoki. Kisheria asbesto inahesabiwa kama taka hatari. Mwambie mwenye nyumba atafute watu wenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira.

Dada Kiamunyi, rudi kwenye ule weusi chini ya dirisha la bafu. Una umbo gani? Umetapakaa, au unashuka kama ulimi?

MamaKiamunyi
Kama ulimi. Mpana juu, mwembamba chini.

FundiRangi_NKU
Basi hapo kuna maji yanayotoka mahali. Mvua ikinyesha usikimbilie ndani, chukua mwavuli usimame uangalie.

MamaKiamunyi (wiki tatu baadaye)
Narudi kuwapa majibu.

Nilisimama na mwavuli. Gata, ule mfereji wa maji ya paa, ina kiungo juu kidogo ya lile dirisha, kilikuwa kimeachia, maji yanadondoka kwenye kizingiti na kutambaa ukutani. Kukifunga ilikuwa mia nne na dakika kumi. Dawa tulipiga wiki iliyofuata, mimi na kijana mmoja wa kibarua, siku mbili na nusu. Kijani kiligeuka kahawia mbele ya macho yangu, kisha kikasuuzika. Ule ulimi mweusi ulihitaji raundi mbili na bado kuna kivuli chake. Mawe ya nyuma nimeyasugua kwa maji na sabuni tu. Paa nimeliacha, pesa iliisha, na mzee wa Lanet ameniogopesha.

Kabro nilimwachia yule kijana wa presha, elfu tatu. Alikuja na ile nozeli nyekundu inayotoa sindano, nikamwambia abadilishe aweke nyeupe inayotawanya maji. Akaniuliza nani amenifundisha.

Waridi moja limekufa. Nilisahau kulimwagilia.

FundiRangi_NKU
Safi sana. Rangi usipake bado, ukuta ukae mkavu kwanza. Na huyo kijana umlinde, anayekubali kubadilisha nozeli ni wachache.

Kijana_58
Hii stori ya saruji kiganjani imenitoa nje na tochi. Mchanga wa katikati ya kabro yangu umeisha kabisa, nikikanyaga vipande vinacheza. Kumbe hiyo presha... Fundi, narudishaje?

FundiRangi_NKU
Mchanga mkavu, uchekeche, umwage juu, fagia hadi ushuke kwenye nyufa zote. Rudia baada ya siku mbili. Ufagio waweza kuazima kwa shosho.