Naomba ushauri: karata za poka zimetugombanisha na mama mkwe

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Jumamosi familia ilikusanyika, umeme ukakatika, tukatoa karata. Arobastini tumeizoea, ila shemeji akataka poka. Tuliwekeana maharage, hela hapana. Kwetu kamari ni mwiko.

Raundi ya tatu mama mkwe akalaza 4, 5, 6, 7, 8 za rangi mchanganyiko. Shemeji akalaza kopa tano tupu, kubwa yake malkia. Mama akakumba maharage yote: "Zangu zimepangana, zako zimeokotwa!" Nani ambishie?

Baadaye nikapiga hesabu: karata 52 zinatoa mifuatano ya kawaida kama ya mama 10,200, lakini tano za aina moja zisizofuatana, kama kopa za shemeji, ni 5,108 tu. Kilicho adimu ndicho kikubwa, kwa hiyo shemeji alishinda. Mama anasema hesabu hizo nimpelekee mwalimu wangu.

Sasa naomba msaada: watoto wa miaka tisa nawakaririshaje ngazi, kuanzia jozi, jozi mbili, tatu za namba moja, hadi nne za namba moja? Na wawili wakiwa na jozi ya 9 kila mmoja, tunaangalia karata kubwa iliyobaki au wanagawana? Krismasi tunakutana tena, na maharage mama ameondoka nayo.