Kwa nini UEFI Shell hunirudisha kwenye menyu ya GRUB, lakini Linux hainirudishi?

Mwanagenzi: Habari zenu wakuu. Katika menyu ya GRUB (programu ya kuchagua na kuanzisha mfumo endeshi), kwenye kompyuta inayotumia UEFI (programu dhibiti ya kisasa ya ubao mama), nimeongeza ingizo linalofungua UEFI Shell, yaani programu ya kuandikia amri, kwa chainloader, amri ya GRUB ya kupakia programu nyingine. Nikiandika exit, narudi kwenye menyu ileile kana kwamba sikutoka. Nikichagua Linux, sina njia ya kurudi ila kuizima na kuiwasha mashine upya. Je, anayepakia programu hizi kwenye kumbukumbu ni GRUB au ni programu dhibiti (firmware) ya ubao mama?

Mchimba_Baiti: Kwa upande wa chainloader, kazi hiyo inagawanywa. GRUB yenyewe ni programu ya EFI, iliyopakiwa na programu dhibiti kutoka kwenye sehemu ya diski yenye mfumo wa FAT. Ukitoa amri ya chainloader, GRUB huikabidhi faili kwa huduma ya programu dhibiti iitwayo LoadImage, nayo huhakikisha kwamba muundo wake unakubalika (faili hizi huanza na herufi MZ), huitengea nafasi kwenye kumbukumbu, na kurekebisha anwani zilizomo ndani yake. Hapo programu imepakiwa, lakini bado haijaanza. Amri ya boot ndiyo inayoita StartImage, huduma ya kuianzisha, na wito huo hauiondoi GRUB: inabaki kwenye kumbukumbu ikisubiri, na Shell ikimaliza kazi, udhibiti unarudi pale pale ilipoitwa.

Linux ni habari nyingine. Kabla ya kushika mashine, ni lazima huduma ya ExitBootServices iitwe, na tangu hapo LoadImage na huduma za kusoma diski za programu dhibiti hazipo tena, huku kumbukumbu iliyokuwa ya GRUB ikiwa huru kutumiwa na kiini (kernel) cha Linux. Yanayosalia ni machache, kama vile saa, vigeu vya UEFI (mipangilio inayohifadhiwa na programu dhibiti) na kuwasha upya. Hata kama kiini kingetaka kurudi, hakuna pa kurudi.

Sekta_Sifuri: Naongeza kwamba kwenye BIOS, programu dhibiti ya zamani iliyotangulia UEFI, hata chainloader haikuwa na njia ya kurudi. Amri ya chainloader +1 ilichukua sekta ya kwanza yenye baiti 512, ikaiweka kwenye anwani 0x7C00, kisha kichakataji kikarukia hapo. Ukaguzi wenyewe ulikuwa kutazama tu kama baiti mbili za mwisho ni 55 na AA, jambo ambalo mimi siliiti ukaguzi.

Mwanagenzi: Nashukuru, nimeelewa. Ila nimewasha Secure Boot (ulinzi unaoruhusu programu zinazoaminiwa tu kuanza), na sasa ingizo lilelile linakataliwa.

Mchimba_Baiti: Secure Boot ikiwa imewashwa, LoadImage hukagua pia saini ya kidijitali, na huenda Shell yako haina saini inayotambuliwa na mashine. Itie saini kwa ufunguo wako, kisha usajili ufunguo huo kwenye orodha ya funguo zinazoaminiwa. Ukitaka uhakika kwanza, bonyeza c kwenye menyu na uandike amri hizo moja moja kwa mkono: kosa likitokea kwenye chainloader, faili imekataliwa wakati wa kupakiwa, likitokea baada ya boot, faili ilikubaliwa na tatizo limo ndani ya programu yenyewe.