Naomba ushauri: Jua na Utaridi nyumba ya kumi, ila Utaridi imeungua

Wakuu, heshima zenu. Mnaojua unajimu wa Kihindi, nisaidieni. Lagna yangu (nyota iliyokuwa ikichomoza nilipozaliwa) ni Mshale. Jua na Utaridi ziko pamoja kwenye Mashuke, nyumba ya kumi (ya kazi), zimepishana digrii 4 tu. Hiyo Budha-Aditya yoga (Jua na Utaridi kukaa pamoja, inayosifiwa kuleta akili) yenyewe hainibabaishi: Utaridi haiendi mbali na Jua zaidi ya digrii 28, kwa hiyo watu kibao wanayo.

Kinachonichanganya ni hiki. Utaridi hapo iko kwenye nyota yake yenyewe na imetukuka (ina nguvu ya juu kabisa), na Jua ni bwana (mtawala) wa nyumba ya tisa, ya bahati, yaani mabwana wa nyumba ya 9 na ya 10 wamekutana, jambo linalohesabiwa zuri. Lakini ikiwa ndani ya digrii 14 na Jua inahesabiwa imeungua, yaani imepoteza nguvu. Kipi kinashinda? Dasha (kipindi cha maisha kinachotawaliwa na sayari) ya Utaridi inakaribia, miaka 17 hiyo. Habari za kuvaa zumaridi, jiwe la Utaridi, tuziache kwanza, bei yake mnaijua.