Mbuga za kaskazini mwezi wa pili na familia, naombeni ushauri

Baba Wawili: Wakuu habari zenu, nipo Dar, mwezi wa pili nataka nimpeleke bi mkubwa mbuga za kaskazini pamoja na mke wangu na watoto, maana mama yangu simba anamjua wa kwenye noti ya elfu mbili tu. Nimepanga Tarangire, Ngorongoro, Serengeti halafu tupitilize kwa juu mpaka Masai Mara kule Kenya tuone nyumbu wakivuka mto, ndani ya wiki moja, usafiri ni Noah yangu. Inawezekana?

Dereva Karatu: Mkuu mwezi wa pili mto Mara hukuti nyumbu, kule wanavuka kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi hivi. Mwezi wa pili wako Ndutu, pale Ngorongoro inapopakana na Serengeti, wanazaa, na kwa kweli mimi ndo kipindi ninachokipenda kuliko vyote, ndama anadondoka hapo unamuona, dakika chache tu kashasimama miguu inatetemeka huku fisi anazunguka. Halafu mpaka wa Bologonja, kati ya Serengeti na Masai Mara, watalii hawavuki, ungezunguka mpaka kituo cha mpakani cha Sirari. Mara iondoe.

Mwana Moshi: Na Tarangire ningeiacha. Utamu wake ni kiangazi, maji yakikauka kwingine tembo wanajazana mtoni, mvua zikinyesha wengi wanatawanyika nje ya hifadhi. Hiyo siku ongezea Ndutu.

Baba Wawili: Asanteni sana. Sasa Noah vipi, na viingilio?

Dereva Karatu: Noah iache Karatu mkuu. Kreta ya Ngorongoro huteremki bila gari linalovuta matairi yote manne, na kule Ndutu udongo mweusi ukilowa mtalala porini. Kodi Land Cruiser ya kufunguka paa. Bebeni vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, Mtanzania analipa kwa shilingi tena kidogo sana kulinganisha na mgeni, usikose hiyo haki kwa sababu ya karatasi. Ukumbuke Ngorongoro ni mamlaka yake na Serengeti ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, malipo mbalimbali, na kwenda Serengeti unapita ndani ya Ngorongoro. Kibali cha Serengeti kwa anayelala ndani ni masaa 24, so ukipita geti la Naabi saa sita mchana unazunguka jioni na asubuhi, na asubuhi ndo simba wanaonekana, kwa malipo ya siku moja.

Mama Neema: Mkuu umfikirie bi mkubwa, ukingo wa kreta ni zaidi ya mita 2,200, asubuhi ukungu na baridi kali, mbebee sweta na shuka nzito na akae siti ya mbele maana barabara inatingisha mgongo. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani zinaita mbung'o. Na mkifika Ngoitokitok, sehemu ya kupumzika na kula ndani ya kreta, kuleni ndani ya gari, mwewe wa pale wanashuka kunyakua chakula mkononi, watoto watakwaruzwa.