Darubini za milimita: je, zimeunganishwa kwa waya?

Swali: Habari zenu. Nimesoma kwamba picha ya kivuli cha shimo jeusi la galaksi ya M87, iliyotolewa Aprili 2019, ilipatikana kwa kuunganisha darubini zilizotawanyika duniani. Zimeunganishwa kwa waya? Na kwa nini likachaguliwa wimbi la milimita 1.3?

Jibu: Hakuna waya. Kila kituo hurekodi mawimbi yake kwenye diski, yakiwa na alama za muda kutoka saa ya atomiki ya haidrojeni, kisha diski husafirishwa hadi Haystack, Marekani, na Bonn, Ujerumani, ambako kompyuta hulinganisha rekodi hizo. Diski za Ncha ya Kusini, zilizorekodiwa Aprili 2017, zilisubiri miezi kadhaa, kwa kuwa ndege hazitui huko wakati wa kipupwe.

Jibu: Kuhusu wimbi: uwezo wa kutofautisha vitu vidogo hutegemea urefu wa wimbi ukigawanywa kwa umbali kati ya darubini, na kwa kuwa umbali huo, tukibaki ardhini, hauwezi kuzidi kipenyo cha Dunia, njia iliyobaki ni kufupisha wimbi. Tatizo ni mvuke wa maji hewani, ambao hufyonza mawimbi haya. Ndiyo maana ALMA, kundi la darubini za redio ambalo ni mojawapo ya vituo hivyo, imejengwa Chile, kwenye uwanda mkavu wa mita 5,000 hivi.

Mwulizaji: Kwa hiyo hali ya hewa ikiharibika kituo kimoja, kazi yote inapotea?

Jibu: La, rekodi hulinganishwa jozi kwa jozi za vituo, kwa hiyo hupotea jozi zinazohusisha kituo hicho tu, ingawa kukikosa kituo cha pembezoni, kilicho mbali zaidi na vingine, huumiza zaidi.