Fundi anataka kunichorea msalaba mwekundu na nyoka kwenye bango la duka la dawa, nimruhusu?

Habari zenu wakuu. Nafungua duka la dawa muhimu huku Mbinga, jirani na stendi. Vibali tayari, kimebaki bango. Fundi kaniletea mchoro: msalaba mwekundu katikati, pembeni nyoka wawili wamejiviringisha kwenye fimbo yenye mabawa. Anadai hata asiyejua kusoma ataelewa. Wateja wengi nawategemea kutoka vijijini, wanaoshuka na magari siku ya gulio. Nipeni mawazo kabla sijamlipa.

Kibatari: Msalaba mwekundu achana nao mkuu. Ile si alama ya dawa, ni alama ya vitani. Ilipitishwa Geneva mwaka 1864, rangi za bendera ya Uswisi zikageuzwa, ili askari akiiona kwenye hema la majeruhi asipige. Wenye haki nayo ni vikosi vya tiba vya jeshi na vyama vya Msalaba Mwekundu, na inalindwa na Mikataba ya Geneva. Kila mwenye duka akijipakia ukutani, siku yakichafuka nani ataiheshimu? Weka msalaba wa kijani.

Dogo Janja wa Ruvuma: Mbona zahanati kibao wanao na hakuna aliyekamatwa? Halafu kijani huku kijijini nani atakielewa?

Kibatari: Bodaboda nao wanapita taa nyekundu kila siku, ndiyo ruhusa? Kuhusu kijani, hakuna anayezaliwa anajua alama. Chini yake andika DAWA kwa herufi nene, wakishanunua panadol hapo mara kadhaa rangi itawakaa kichwani.

Mzee wa Kaunta: Na hao nyoka wawili fundi kakopi tu mtandaoni. Hiyo fimbo yenye mabawa ni ya Hermes, mungu wa Wagiriki wa biashara na safari. Ya tiba ni ya Asklepio, mungu wao wa uponyaji: fimbo kavu, nyoka mmoja, bila mabawa. Angalia bendera ya WHO, Shirika la Afya Duniani. Mkanganyiko ulikolezwa na kikosi cha tiba cha jeshi la Marekani kilipoichukua ile ya Hermes mwaka 1902. Ila kwa bei za dawa siku hizi, labda Hermes ndiye anayetufaa 😂

Mama Ntilie: Nyie mnaongea Ugiriki, mteja yuko Mbinga. Bibi akiona nyoka ukutani anajua hapo ni kwa mganga, anapita moja kwa moja. Mimi ningetoa nyoka wote. Kwenye mchoro weka kidonge cha rangi mbili na chupa ya dawa ya maji yenye kijiko pembeni, vitu anavyovishika kila siku nyumbani.

Mleta uzi: Mama umenena. Nyoka nje, msalaba kijani. Sasa ukubwa je? Fundi anasema ukuta mzima.

Mama Ntilie: Kwanza uliza halmashauri ushuru wa bango, maana unakwenda kwa ukubwa. Afadhali dogo lenye pande mbili, litokeze nje ya ukuta, anayetoka stendi na anayeingia wote walione. La ukutani atalisoma aliyesimama ng'ambo ya barabara tu.